Albamu ya kwanza ya Queen: ngoma za 1973 au za 2024?

SWALI: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Nina CD ya zamani ya albamu ya kwanza ya Queen. Juzi mwanangu kaniwekea kwenye simu ile inayoitwa Queen I. Nyimbo ni zilezile, lakini ngoma si zile ninazozijua, na umo wimbo ambao kwenye CD yangu haupo. Ipi ndiyo albamu yenyewe? Na nisaidie na hili: albamu hii haikuwa na wimbo uliovuma. Sasa mbona watu hawaachi kuisikiliza miaka hamsini baadaye? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Masikio yako hayajakudanganya, ndugu yangu. Upigaji ni uleule na mikono ni ileile ya Roger Taylor, ila ngoma zimetolewa katika chumba kimoja na kuwekwa katika kingine, miaka 52 baada ya kupigwa. CD yako inabeba albamu kama ilivyotoka Uingereza tarehe 13 Julai 1973. Ile ya kwenye simu ilitoka Oktoba 2024, nayo imechanganywa upya tangu mwanzo. Zote mbili ni halali, lakini hazifanyi kazi moja. Nitakueleza lini ushike ipi. Ila itabidi tupitie studio kwanza, kwa sababu mazingira yaliyoharibu ngoma ndiyo hayohayo yaliyozaa magita, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili ambayo wauza muziki huyachanganya. Kumasta upya ni kuchukua tepu ya mwisho, ambayo sauti zote zimeshakuwa mbili tu, kushoto na kulia, kisha kuisafisha: kuongeza besi kidogo, kupunguza mvumo, kupandisha sauti kwa jumla. Hiyo ni supu iliyokwisha iva. Unaweza kuikamulia ndimu, lakini kitunguu kilichomo hukitoi. Kuchanganya upya ni kurudi kwenye tepu za treki nyingi, ambako ngoma zina treki zake, besi ina yake na sauti ya Freddie Mercury ina yake, ukapika tena kutoka kwenye viungo vibichi. Toleo la 2011 lilimastiwa tu, ndiyo maana ngoma zake ni zilezile za CD yako ingawa zimepigwa sabuni. La 2024 limepikwa tena, na mafundi walikuwa Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson. Hakuna aliyeitwa kupiga chombo upya. Kilichofanyika ni kila chombo kupewa mlio ambao bendi iliutaka tangu zamani na haikuupata.

Wimbo usiokuwemo kwenye CD yako ni Mad the Swine, wa Freddie. Ulirekodiwa pamoja na mingine na ulikusudiwa kukaa wa nne, baina ya Great King Rat na My Fairy King. Ukaachwa nje kwa sababu bendi na prodyuza Roy Thomas Baker walishindwa kuelewana kuhusu sauti ya ngoma. Wimbo mzima, umekamilika, unawekwa kabatini kwa ajili ya ngoma! Ulichungulia nje mwaka 1991 kama wimbo wa ziada kwenye singo ya Headlong, na toleo la 2024 limeurudisha kwenye kiti chake.

Sasa tuingie studio. Mwaka 1972 Queen walikuwa vijana wanne wasio na kampuni ya santuri. Walikuwa na makubaliano na ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield, wenye studio ya Trident iliyokuwa kwenye kichochoro cha St Anne's Court, Soho, jijini London. Studio ilikuwa ya daraja la juu. Wateja wake walikuwa watu kama David Bowie na Elton John. Queen hawakulipia chumba, na asiyelipia huingia mwenye kulipa akishatoka. Wakawa wanaitwa usiku wa manane, saa nane, saa tisa, wanafanya kazi mpaka kunakucha, kisha wanasubiri tena. Kwa ufupi, walikula ukoko wa studio. Kazi ilianza katikati ya mwaka na kufika karibu na mwisho wake.

Trident ilikuwa na kibanda cha ngoma. Ni chumba kidogo kilichovishwa vitu vya kunyonya sauti ili ngoma zisivuje kwenye maikrofoni za vyombo vingine. Ukipiga ngoma katika ukumbi mtupu wa shule, maikrofoni inapokea vitu viwili: mlio wenyewe, halafu, sehemu ndogo ya sekunde baadaye, marejeo yake kutoka ukutani, sakafuni na darini. Yale marejeo ndiyo yanayoliambia sikio kwamba ngoma ni kubwa na anayeipiga ana nguvu. Kibandani marejeo yanamezwa. Ongeza maikrofoni zilizosogezwa karibu kabisa, ongeza utepe uliobandikwa kwenye ngozi ili zisilie kwa muda mrefu, na unabaki na mlio mfupi mkavu: "tap" mahali palipotakiwa "daaam". Nguvu ya mkono haisaidii, kwa sababu unapopiga kwa nguvu zaidi unapata "tap" yenye kelele zaidi, basi.

Ulikuwa mtindo wa wakati ule, wala si uzembe wa fundi. Ngoma kavu zinaufaa wimbo wa piano na sauti ya mtu mmoja, kwa sababu zinaacha nafasi. Kwa bendi iliyotaka kusikika kama jeshi linaloingia mjini, zinakuwa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Wala huwezi kulitibu tatizo hilo kwa kuongeza mwangwi wa mtambo baadaye. Mwangwi unarefusha kile ulichoupa, na kama ngoma imekatwa mlio wake wa asili, utapata ngoma ndogo ndani ya pango kubwa.

Unaweza kulipima hilo kwa CD yako mwenyewe. Sikiliza sehemu ya mwisho ya Liar, kisha acha wimbo unaofuata, The Night Comes Down, uanze, usubiri ngoma ziingie. Utasikia chumba kingine. Kweli ni chumba kingine: wimbo huo haukutoka Trident. Mwishoni mwa 1971, Queen walipata bahati kule Wembley, ambako studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya na inahitaji bendi yenye kelele ipimie kama sauti zinavuja kutoka chumba hiki kwenda kile. Kwa malipo wakapewa kurekodi nyimbo tano: Keep Yourself Alive, The Night Comes Down, Great King Rat, Jesus na Liar, fundi mitambo akiwa Louie Austin. Trident walijaribu kuurekodi upya The Night Comes Down, haukufikia ule wa kwanza, wakauchukua wa Wembley kama ulivyo. Kwa hiyo toleo la 1973 lina mshono katikati ya upande wa pili, na ukishausikia mara moja hutaacha kuusikia.

Sasa upande wa faida. Kurekodi ngoma kunataka bendi nzima iwe macho, vyombo vifungwe, maikrofoni zipimwe, kisha vyote vifunguliwe kabla mteja wa asubuhi hajafika. Kuongeza gita juu ya kilichokwisha rekodiwa kunataka mtu mmoja, amplifaya moja, fundi mmoja, na subira. Saa za ukoko ni mbaya kwa kazi ya kwanza na nzuri kwa ya pili. Saa tisa za usiku hakuna anayekuuliza kwa nini unarudia sauti ya tano ya gita kwa mara ya kumi. Mpiga gita Brian May alikuja na mawazo yake yakiwa tayari kichwani, akakuta mahali pa kuyapanga moja juu ya jingine.

Tepu za Trident zilikuwa za treki 16. Piga hesabu ya mfano: ngoma zichukue treki nne au tano, besi moja, gita la rithimu mbili, sauti kuu moja. Zimebaki kama saba. Ukitaka gita nne za kupatana na kila moja ipigwe mara mbili, pamoja na waitikiaji watatu waliorudia sauti zao, umekwisha. Dawa yake ni kuzikusanya gita zile nne, kuzichanganya na kuzihamishia kwenye treki moja au mbili, kisha kuzifuta za awali ili kupata nafasi. Kila uhamisho unaongeza mvumo wa tepu na kupunguza ung'avu. Kibaya zaidi, ukishachanganya umefunga mlango: gita la tatu likiwa limezidi, litazidi milele. Hivyo ilibidi uamuzi ufanyike palepale, nani awe mbele na nani nyuma, kabla hata wimbo haujakamilika. Uamuzi huo unausikia. Magita ya albamu hii yamepangwa kama kwaya yenye sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, wala hayakurundikwa.

Nyuma ya jalada waliandika kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza. Walikuwa na haki ya kujigamba, kwa sababu msikilizaji wa 1973 angedhani ni mtambo. Gita lenyewe Brian alianza kulitengeneza mwaka 1963 na baba yake, Harold, nyumbani. Shingo ilitoka kwenye mbao ya mahogani ya meko ya zamani, sehemu ya mwili ilitoka kwenye meza ya mwaloni, na springi za kile chuma cha kutikisia nyuzi zilikuwa za valvu za pikipiki. Ncha ya mkono wa chuma hicho ni ya sindano ya kufumia ya mama yake, na alama nyeupe za shingoni ni vifungo vya lulumizi. Badala ya kipande cha plastiki anapigia sarafu ya peni sita: haipindi, na ukingo wake wenye meno unakwaruza uzi kidogo kabla ya kuuachia. Sikiliza mwanzo wa kila noti ndefu na utaukuta mkwaruzo huo.

Siri kubwa iko kwenye swichi. Gita lina pikapu tatu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, na kila moja ina swichi mbili: ya kuwasha na kuzima, na ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa mawimbi ya sauti. Pikapu mbili zikiungwa kwa mwelekeo mmoja zinasukuma pamoja na kuvuta pamoja, na sauti inakuwa nene. Ukigeuza moja, huyu anasukuma wakati mwenzake anavuta. Sauti za chini zinafutana na kinachobaki ni sauti ya juu, nyembamba, ya puani, inayolia karibu kama mtu. Ndiyo maana gita lilelile linaweza kuwa filimbi hapa na mbogo pale. Kutoka hapo linapitia kikasha kidogo kinachopandisha sauti za juu, kisha amplifaya ya Vox AC30 iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ukali anaupunguza kwa kitufe cha sauti cha gita, bila kugusa amplifaya.

Kwa mpiga gita anayesoma hapa: unaweza kupata robo tatu ya mlio huo bila gharama. Chukua gita lenye pikapu mbili za koili moja, tafuta swichi yenye miguu sita, na uiunge kwa kupishanisha nyaya mbili za pikapu moja. Mahali watu wanapokosea ni kwenye kifuniko cha chuma. Kama pikapu ina kifuniko na kimeunganishwa na waya mmoja wa koili, ukigeuza nyaya kifuniko nacho kinapata umeme wa sauti na gita linavuma ukiligusa. Kitenganishe kwanza, ukipe waya wake wa kwenda ardhini. Na usishangae sauti ikipungua ukigeuza fezi. Lazima ipungue, kwa sababu nusu yake imefutwa, na kile kikasha cha kupandisha sauti ndicho kinachoirudisha.

Lile gita kavu linalozizima kwenye The Night Comes Down ni jingine kabisa. Ni gita la bei rahisi ambalo Brian alilichezea daraja, akaweka vyuma vyembamba chini ya nyuzi ili ziguseguse na kulia kama sitari ya Kihindi. Mafundi wengi wa gita huuita mlio huo kasoro na kutoza pesa kuuondoa.

Sauti za watu zimejengwa kwa namna ileile ya magita. Freddie anakaa katikati, Roger anakwenda juu kabisa, Brian anashika chini, kisha wote watatu wanarudia. Kilele chake ni My Fairy King. Zile kelele nyembamba za juu ambazo watu hudhani ni za Freddie ni za Roger. Piano humo ni ya Freddie na inakwenda kwa vipande, kila kipande na mwendo wake, bila kurudi kwenye kiitikio kama wimbo wa kawaida. Ukiusikiliza kwa makini utaona kwamba ile tabia ya kuunganisha nyimbo tatu ndani ya wimbo mmoja, iliyokuja kuwatajirisha mwaka 1975 kwa Bohemian Rhapsody, ilikuwepo tangu siku hizo.

Hapa ndipo tunapofikia swali lako la pili, na itabidi niseme wazi: hii si albamu bora ya Queen. Son and Daughter ni mzito bila kuwa na la kusema, unasikika kama bendi inayothibitisha kwamba nayo inaweza kuunguruma. Modern Times Rock 'n' Roll, ambao Roger ameutunga na kuuimba, unapita chini ya dakika mbili na hauachi deni. Jesus una kiitikio kizuri na katikati iliyonyooshwa kupita kiasi. Doing All Right, uliotoka kwa bendi ya Smile ambayo Brian na Roger walikuwa nayo kabla ya Queen na uliotungwa na Brian pamoja na Tim Staffell, ni mzuri sana kwenye sehemu za polepole na unatikisika sehemu za kasi zikiingia, kama gari lililobadilishwa gia bila klachi.

Nguvu yake iko kwingine. Albamu nyingi za kwanza zinaonyesha bendi ikijitafuta. Hii inaonyesha bendi iliyokwisha jipata ikizuiwa na chumba, saa na pesa. Kila kitu unachokijua cha Queen wa baadaye kipo, ila kimebanwa, na msikilizaji anasikia ule msukumo wa kitu kikubwa kinachotaka kutoka kwenye mlango mdogo. Keep Yourself Alive ndio ushahidi. Unaanza na gita peke yake, nyuzi zimebanwa kwa kiganja, sauti ikizunguka kana kwamba inapitia bomba. Mafundi wa siku zile waliupata mlio huo kwa kuendesha rekodi moja kwenye mashine mbili na kuichelewesha moja kwa kidole, kiasi cha vipande vichache vya sekunde iliyogawanywa mara elfu. Kisha magita yanaongezeka moja baada ya jingine, ngoma zinapata nafasi ya kusema peke yake, Roger na Brian wanapokezana mstari mmoja mmoja, na solo inakuja ikiwa na gita zaidi ya moja zinazopatana. Ni wimbo wa dakika tatu na sekunde 47. Kuuchanganya kuliwatesa: miksi moja baada ya nyingine ilikataliwa mpaka fundi Mike Stone alipotoa iliyokubalika. Na Brian amekuwa akisema miaka yote kwamba ule wa De Lane Lea una roho zaidi.

Singo ilitoka tarehe 6 Julai 1973 na haikuingia chati ya Uingereza. Albamu yenyewe ilipanda mpaka nafasi ya 24 huko, tena mwaka 1974, baada ya albamu ya pili kuwavuta watu warudi nyuma. Marekani iliishia nafasi ya 83. Kucheleweshwa nako kuliiumiza. Nyimbo za 1971 na 1972 zilifika dukani wakati David Bowie na wenzake wameshauzoesha umma rangi na mapambo, hivyo wengi waliwaona Queen kama wafuasi. Kushindwa huko kumeisaidia kwa miaka hii yote, kwa sababu redio haikuichosha. Mkusanyiko wa Greatest Hits uliotoka Uingereza mwaka 1981 hauna hata rekodi moja ya albamu hii. Mtu anayezijua Queen kwa nyimbo zinazopigwa harusini na uwanjani akifika hapa anakuta chumba ambacho hakijakanyagwa.

Kwa kuwa umeandika kutoka Tanga, najua swali la Zanzibar linakuja, basi nilijibu. Freddie alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, karibu na London. Wanaotafuta taarabu ndani ya albamu hii wanapoteza muda wao. Hakuna udi, hakuna kanuni, hakuna mwendo wa kidumbaki hata wa kusingiziwa. Kilichotoka utotoni ni kitu kingine: nchi ya kubuni iitwayo Rhye, ambayo yeye na dada yake Kashmira walikuwa nayo kama ulimwengu wao. Nchi hiyo ndiyo imeupa jina wimbo wa mwisho, Seven Seas of Rhye. Na nembo iliyokuja kuwa alama ya bendi aliichora yeye mwenyewe, maana alisomea uchoraji Ealing: simba wawili kwa ajili ya mpiga besi John Deacon na Roger, kaa kwa ajili ya Brian, na viumbe wawili wenye mabawa kwa ajili yake, kwa kufuata nyota za kuzaliwa.

Turudi kwenye matoleo yako mawili. Kabla ya kulinganisha, sawazisha sauti. Toleo jipya lina sauti kubwa zaidi, na sikio la binadamu huita chenye sauti kubwa kizuri hata kama si kizuri. Zima kwenye simu kile kipengele cha kusawazisha sauti za nyimbo, weka hedifoni zilezile kwa CD na kwa simu, kisha punguza toleo la 2024 mpaka sauti ya Freddie iwe sawa na ya CD. Lenga sauti ya Freddie, uzisahau ngoma, kwa sababu ngoma ndizo zilizobadilika. Usitumie spika ndogo moja ya bluetooth: kushoto na kulia vinaangukiana, na nusu ya kazi ya Brian inapotea. Ukikosa hedifoni, spika mbili zilizoachana kama mita mbili, nawe umekaa mita mbili kutoka kila moja, zinatosha.

Anza na Great King Rat kwenye matoleo yote mawili, ukifuata ngoma tu. Halafu rudia ukifuata magita tu. Utakuta kwamba kwenye la 2024 ngoma zimepata mwili na besi ya John Deacon imetoka uvunguni, jambo ambalo hasa kwenye Liar ni neema. Utakuta pia kwamba kwenye la 1973 magita yako mbele zaidi na yanakwaruza zaidi, kwa sababu hakukuwa na ngoma kubwa za kuyasukuma. Mimi ningekushauri hivi: kwa Liar, Great King Rat na Son and Daughter, shika la 2024. Kwa My Fairy King na The Night Comes Down, baki na CD yako, maana ukavu wake unaacha hewa kati ya piano na sauti, na mkwaruzo wa gita unasikika bila kushindana na kitu. Keep Yourself Alive isikilize kwa namna tatu, ya tatu ikiwa ile ya De Lane Lea, ambayo imo kwenye diski ya ziada ya toleo la 2011 na kwenye sanduku la 2024.

Ukitaka kujua ngoma za Roger zilikuwaje kweli bila ya kibanda na bila ya kompyuta, tafuta Live at the Rainbow '74, iliyorekodiwa jukwaani London na kutolewa 2014. Liar na Son and Daughter zimo, ukumbi mkubwa ukirudisha kila pigo. Hapo utaelewa kwa nini waligombana na prodyuza wao kiasi cha kuacha wimbo nje.

Kuhusu kununua: usiiuze CD hiyo, maana huduma za muziki zinapenda kusukuma toleo jipya mbele na la zamani linakuwa la kutafutwa. Ukikutana na santuri ya kwanza ya Uingereza, namba yake ni EMC 3006 ya EMI. Upande wa kwanza una kama dakika 18 na wa pili kama 21, hivyo mifereji haikubanwa. Lakini kama ilivyo kwa santuri yoyote, sauti huchakaa kwanza karibu na katikati ya sahani, kwa hiyo muuzaji akikuruhusu kujaribu, usipoteze muda mwanzoni. Weka sindano kwenye Jesus na usikilize kama sauti za "s" zinachanika. Zikichanika, iache.

Baada ya Jesus unakuja ule wimbo wa mwisho wa Rhye: piano, bendi, hakuna maneno, dakika moja na robo, kisha sauti inafifia kabla haujaenda popote. CD yako si mbovu. Freddie alikuwa hajaumaliza. Mwisho wake uko upande wa pili wa Queen II ya 1974, wimbo wa mwisho, maneno yakiwa yamepatikana, nao ndio uliowaingiza kumi bora za Uingereza kwa mara ya kwanza.